Namba Saba, Tayari

Jelimo alinipigia simu nikiwa nachagua mchele. Nilijua ni habari ya kifo kwa sababu hakuanza na utani wake wa siku zote. Aliniita tu, "Madam," akasema Mzee Wekesa ametuacha. Niseme ukweli hata kama unaniaibisha: kabla ya huzuni nilishikwa na hofu, ileile hofu niliyoijua nikiwa na miaka ishirini na sita, mpaka nikaweka ungo chini nisije nikaumwaga mchele. Ijumaa nilienda kwenye maombi ya kumuaga, kanisa la mabati kule mtaa wa Rhonda, nikakaa kiti cha nyuma karibu na mlango. Mchungaji alisoma kwamba marehemu alifanya kazi ya kupiga dawa kwenye shamba la maua kwa miaka mingi, kwa uaminifu. Mjane wake aligeuka akawaangalia watu waliokuja, safu kwa safu, na macho yake yaliponifikia hayakusimama, yalipita tu. Mama huyo hajawahi kunipa mkono, na simlaumu. Kuna mwaka mmoja ambao nimeusimulia mara nyingi kwenye semina nikiulizwa tulianzishaje mpango wetu wa kufundisha wanafunzi, na kila mara nimeusimulia nikiruka siku tisa. Watu wamenipigia makofi, nikala chakula chao cha hoteli, nikarudi nyumbani. Sasa mwenye siku hizo amekufa, na sioni tena ninamfichia nani.

Ya wazazi wangu na nilivyolelewa nitayaacha, hayahusiki hapa. Mwaka huo nilikuwa karani wa ofisi ya wafanyakazi kwenye shamba la waridi, ukishapita Njoro, nyumba kumi na moja za plastiki za kukuzia maua, kila moja na namba yake, zilizopangwa kwenye mteremko. Kila mwaka vyuo vilituletea wanafunzi wa mazoezi, atachi tulivyowaita, na atachi shambani kwetu alikuwa mtu wa kuchemsha chai, kupanga mafaili yenye vumbi na kutumwa dukani na kila mwenye meza. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepitia hayo. Miezi mitatu nilimpelekea chai mzee mmoja ambaye mpaka siku ya mwisho aliniita "wewe msichana". Kwa hivyo Madam Kendi, meneja wetu, mwanamke wa Meru asiyepoteza maneno, alipouliza kwenye mkutano nani anaweza kuandika mpango wa maana, mkono wangu ulipaa kabla sijaushauri. Niliuandika kwenye kaunta buku, lile daftari la jalada gumu, kwenye chumba changu cha mbao pale kwa nyumba za wafanyakazi, harufu ya sukuma wiki ya jirani ikiingia kwa nyufa. Wiki hii kuvuna, wiki ijayo maji, wiki nyingine kukagua wadudu. Nilijiona mtu. Madam Kendi alisoma kurasa mbili, akafunga buku. "Sawa, Nyambura," akasema. "Lakini hawa watoto ni wako. Wakivunja kitu, umevunja wewe." Mimi nikacheka.

Walikuja wanne, mwezi wa Januari, ambao ni mwezi wa wazimu kwa mtu wa waridi, maana wapenzi wote wa Ulaya wanataka maua siku moja ya Februari. Jelimo alikuwa mrefu, mwembamba, mtoto wa kutoka Sachangwan kule kwenye baridi, na sweta la chuo ambalo hakulivua hata kwenye joto la ndani ya plastiki. Alikuwa na kijitabu alichoandika kila kitu, hata mizaha ya wavunaji. Nilipomtuma alijibu "sawa, madam" kabla sijamaliza sentensi, na mimi nililipenda jibu hilo kupita kiasi. Nilidhani ndiyo dalili ya mtoto aliyelelewa vizuri. Kwetu sote ndivyo tulivyofunzwa, mkubwa akisema, mdogo anaitika, na anayeuliza kwa nini anaonekana kichwa ngumu.

Sasa nieleze kazi ya dawa kidogo, maana bila hiyo hutanielewa. Wapiga dawa walianza mapema, kabla jua halijapanda, wamevaa suti za manjano na barakoa. Nyumba ikishapigwa dawa haiingiwi mpaka masaa yake yaishe, na mlangoni inawekwa bendera nyekundu. Lakini bendera tulikuwa nazo nne, nyumba kumi na moja, na kila nyumba ina mlango wa mbele na wa nyuma. Kulikuwa na kitabu cha dawa kule stoo ambacho hakuna mtu wa ofisi aliyejisumbua kukifungua. Tulikuwa tunaulizana tu kwa mdomo. Mkubwa wa wapiga dawa alikuwa Mzee Wekesa, mtu wa Bungoma, mfupi, sauti ya chini, ananukia sabuni saa zote kwa vile alikuwa anaoga kila akitoka kazini na kila akienda kula. Jumanne moja saa nne nilimkuta kantini na kikombe cha chai na mandazi mbili. Nilikuwa na haraka, nikamuuliza juu ya vichwa vya watu: "Mzee, namba saba, tayari?" Akainua kikombe kidogo. "Tayari, madam." Nikaenda zangu.

Wewe unayesoma Kiswahili hiki chetu umeshaona shimo liko wapi. Mimi nilikuwa nauliza kama nyumba iko tayari kuingiwa. Yeye alisikia naulizia kama dawa imeshapigwa, kwa sababu asubuhi hiyo nzima Madam Kendi alikuwa amemsukuma amalize namba saba, na kila mtu wa ofisi aliyekutana naye alimuuliza hilohilo. Alinijibu ukweli mtupu. Nami nikamwendea Jelimo, nikamwambia aingie namba saba kwa mlango wa nyuma, ulio karibu, aanze kuhesabu utitiri kwenye majani. Akasema, "Sawa, madam," akachukua kijitabu chake.

Nusu saa haikuisha. Mvunaji mmoja alikuja mbio hadi dirisha la ofisi akasema, "Madam, atachi wako anatapika." Nilimkuta amepiga magoti nje ya mlango wa nyuma, mate yanamtoka kama mtoto anayeota meno, machozi, jasho, sweta limelowa. Nilimwinua uso. Mboni za macho zilikuwa zimesinyaa zikawa kama tundu la sindano. "Jelimo, unaniona?" nikamuuliza. Akasema, "Uko mbali, madam," na mimi nilikuwa nimemshika mashavu. Mzee Wekesa alitokea akikimbia, suti imevaliwa nusu, akamtazama macho mara moja tu na uso wake ukabadilika. Alimvua sweta, akaagiza maji, akawaambia watu wasimguse bila glavu. Akabandua karatasi ya jina la dawa kwenye mkebe, akampa dereva wa pikapu ya shamba na kumwambia aipeleke kwa daktari mkononi, asiiweke mfukoni. Daktari alituambia baadaye kwamba karatasi hiyo ndiyo iliyompa nafasi. Mimi wakati huo nilikuwa nimesimama, nasema "Yesu, Yesu" tu. Mzee aliniuliza, bila kuinua sauti, "Nani alimtuma ndani?" Nilipanda nyuma ya pikapu, nikakilaza kichwa cha yule msichana kwenye mapaja yangu, na mpaka tunafika mjini nilikuwa nahesabu pumzi zake na kuogopa ile inayofuata.

Kwenye korido ya hospitali kulikuwa na benchi la mbao na harufu ya dawa ya sakafu. Madam Kendi alifika akiwa bado na viatu vya gamu buti, akakaa kando yangu, akatoa daftari na kalamu. "Nani alisema aingie?" Nimefikiria dakika hiyo kwa miaka yote hii. Sikupanga kudanganya. Niliogopa, basi. Niliogopa mtoto atakufa, niliogopa polisi, niliogopa kurudi kuwa msichana wa chai. Nikasema, "Mzee Wekesa alisema iko tayari." Iko. Kaneno kadogo hivyo. Yeye alikuwa amesema "tayari" peke yake, mimi nikaibandika "iko" mbele, na sentensi ikageuka kutoka swali langu la kijinga ikawa kosa lake. Madam Kendi aliandika vilevile nilivyosema. Jioni hiyo Mzee Wekesa aliambiwa arudi nyumbani Rhonda asubiri barua.

Mama yake Jelimo alifika kesho yake asubuhi kutoka Sachangwan, shuka la kimasai mabegani kwa baridi ya huko, kikapu mkononi. Nilitaka kujificha chooni. Alinifuata moja kwa moja, akaniuliza, "Wewe ndio mwalimu yake?" Nikasema ndiyo. Akanishika mikono yote miwili. "Asante mwalimu kwa kumleta mbio. Wameniambia hukumwacha." Kisha akafungua kikapu, akanipa viazi vya kuchemsha na chumvi ndani ya karatasi, akaniambia nile kwa maana ninaonekana sijala. Nilikula. Sijawahi kumeza kitu kigumu kama kile, na alikuwa ameketi pale ananitazama kwa upendo mpaka nikamaliza cha mwisho. Kama angenipiga kofi ningelala usingizi siku hiyo.

Shambani sikuweza tena kuingia kantini. Nilikuwa nachukua githeri yangu, mahindi na maharagwe, naenda kuila chumbani, mlango nimeufunga, na kwa kuwa ukuta ni mbao nilisikia kila neno la akina mama wa kupakia maua waliokaa upande wa pili. "Mzee Wekesa miaka yote hiyo hajawahi kukosea." "Amezeeka, masikio yamekwisha." "Masikio gani? Mimi nilikuwa hapo kantini. Aliulizwa na yule wa ofisi, akajibu." "Alijibu nini?" "Wee, mimi nilikuwa natafuta sukari." Nilikaa na kijiko mdomoni, nikiomba yule mama asikumbuke.

Siku ya tatu Jelimo alizungumza. Sauti ilikuwa imekwaruzika, midomo imepasuka. Mama alikuwa ameenda kutafuta maji ya moto, tukabaki wawili. Kitu cha kwanza aliniuliza, "Madam, nimefeli?" Alidhani kuugua kumemharibia alama za chuo. Nikamwambia hajafeli, alale. Kisha akasema, "Niliisikia ikinuka. Nilipofungua mlango, nilisikia dawa. Lakini wewe ulikuwa umesema niingie." Hakuwa ananilaumu, alikuwa anaeleza tu. Alikuwa na pua, alikuwa na akili, alikuwa amejua, na akaingia kwa heshima yangu. Nilitoka nje nikasimama kwenye uzio wa hospitali, nikashikilia waya kwa mikono miwili. Hofu niliyokuwa nayo mpaka hapo ilikuwa ya nafsi yangu. Hii nyingine ilikuwa mpya, ya kujua kwamba kuna mtu anayeweza kutembea hadi kwenye kifo kwa sababu mimi nimemtuma, na anaitika sawa.

Ungedhani basi nilienda siku hiyohiyo nikasema ukweli. Sikwenda. Jumapili Madam Kendi aliniita kwake Milimani, baada ya kanisa. Nyumba yenye maua ya zambarau langoni, sebule baridi, chai kwenye vikombe vyembamba ambavyo niliogopa kuvishika. Alinikatia keki. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alikuwa na shamba la kulinda na wafanyakazi mia kadhaa, naye pia alikuwa anaogopa, niliiona kwenye jinsi alivyokuwa akikunja kitambaa cha meza na kukikunjua. "Alhamisi tunakaa kikao cha nidhamu," akasema. "Wewe utasema vile uliniambia. Usipunguze, usiongeze. Ukiongeza, mpango wako umekufa, na wewe nao." Nikasema, "Sawa, madam." Nilijisikia nikilisema, na nikajua sasa lile neno linatoka wapi mwilini.

Alhamisi ofisi ilikuwa na watu watano: Madam Kendi, mtu wa chama cha wafanyakazi, karani wa kuandika, mimi, na Mzee Wekesa amevaa koti lake la kanisa. Hakunitazama. Madam Kendi alisoma kwenye daftari lake: "'Iko tayari.' Ulisema hivyo, mzee?" Akajibu, "Nilisema tayari." "Ni kitu kimoja." Akasema, "Basi kama ni kimoja, ni kimoja," akaangalia mikono yake. Karani alikuwa ameshaanza kuandika. Nikasikia sauti yangu, nyembamba, ya aibu: "Si kitu kimoja. Hakusema iko. Hiyo iko niliiweka mimi." Madam Kendi akasema, "Nyambura." Nikaendelea kwa sababu nilijua nikinyamaza sitafungua mdomo tena. Nilisema nilivyouliza juu ya vichwa vya watu, nilivyokwenda bila kusubiri, kwamba sikufungua kitabu cha dawa, kwamba mzee ndiye aliyemwokoa yule mtoto na mimi nilisimama tu. Karani aliacha kuandika, akauliza kama aandike hayo yote. Mtu wa chama akamwambia andika.

Nilipewa barua ya onyo la mwisho, na mpango wa wanafunzi ukasimamishwa. Mzee alirudishwa kazini. Nje, karibu na tangi la maji, nilimfuata nikataka kuomba msamaha, akaniwahi. "Siku tisa, madam," akasema. "Nimekaa nyumbani siku tisa. Watoto wangu wameulizwa shuleni kama baba yao aliua mtu. Bibi yangu hajaenda sokoni." Nikaanza kulia. Akangoja nimalize, hakunigusa, hakuniambia yameisha. Kisha akasema, "Hiyo kazi yako ya watoto ni nzuri. Ilikosa mtu anayejua kuogopa. Ukiianza tena, mimi nitakuja."

Ilianza tena mwezi wa Mei, kwa sababu chuo kilidai wiki zilizobaki na kwa sababu mama wa Sachangwan alikuja mwenyewe shambani kuuliza mtoto wake atamaliza lini. Safari hii tuliiandika wawili, mimi na mzee, kwenye meza ya kantini. Neno tayari likapigwa marufuku shamba zima. Ilikuwa useme "imepigwa dawa" au "ingieni", na atakayeteleza ananunua mandazi za meza. Hakuna mwanafunzi kuingia nyumba yoyote bila kuona kitabu kwa macho yake. Na somo la kwanza mzee alilichagua mwenyewe. Aliwasimamisha wanne wote mbele yake, akawaambia, "Mimi ni rika ya baba zenu. Nawatuma ndani. Kataeni." Walicheka, wakaangalia viatu. "Semeni hapana." Mmoja akasema, "Hapana, tafadhali, mzee." Akamrudisha. Waliisema tena na tena asubuhi nzima na ilikuwa kama kung'oa jino. Jelimo ndiye alikuwa mgumu kuliko wote, alifungua mdomo na sauti haikutoka, mpaka mzee akamwambia hatakwenda kula bila kuisema. Akaisema, akalia, akaenda kula.

Mtu akikwambia amejifunza, muulize ilimchukua mara ngapi. Hofu ni kama sabuni, unaitumia kila siku na hujui inakwisha. Ilipofika Agosti nilikuwa nimeanza tena kulala vizuri, kucheka kantini, kutembea haraka. Asubuhi moja ya upepo wakaguzi wa wanunuzi walikuwa wanakuja kutoka Ulaya, Madam Kendi alikuwa amepiga simu mara tatu, na nilitaka hesabu ya wadudu wa nyumba ya tatu iwe mezani kabla hawajafika. Jelimo alikuwa amebakisha siku nne kumaliza. Nilimwambia nikiwa natafuta funguo, bila hata kumtazama, "Kimbia namba tatu, nyumba iko sawa, uniletee hesabu." Hakuitika. Nikainua macho. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameikunja nyuma kama mtu anayesubiri kuchapwa.

"Hapana, madam," akasema. "Sijaona kitabu."

Hasira ilinipanda, nakiri. Mbele ya makarani wawili, mtoto wa atachi. Nikasema, basi twende tukakione, wageni wakija watajipokea. Nilitembea mbele yake hadi stoo kwa hatua za mtu aliyedharauliwa, nikakivuta kitabu, nikakifungua kwa kishindo kwenye ukurasa wa siku hiyo. Mwandiko ulikuwa wa Mzee Wekesa, wa polepole, herufi zimesimama. Jelimo aliweka kidole akasoma kwa sauti: nyumba ya tatu, imepigwa dawa leo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kwa mlango wa stoo niliiona nyumba yenyewe kule chini. Bendera yake ilikuwa imeangushwa na upepo, imelala kwenye matope.

Nilikaa chini pale pale sakafuni, kati ya mikebe, na sketi yangu ya wageni. Yeye alibaki amesimama, kidole bado kipo kwenye mstari.

"Ungenituma, madam," akasema.

Nikamwambia ndiyo. Ningekutuma.